Alikuwa Akitumika Kazi Tangu Lini? Juu ya Wakati Mmoja Mgumu wa Kiingereza

Katika gramatika ya Kiingereza kuna wakati mmoja unaowachosha wanafunzi kuliko nyakati nyingine. Vitabu vyauita «past perfect continuous». Jina ni refu, na wengi wakilisikia hukata tamaa kabla ya kuanza. Wengine hujifunza umbo lake kwa moyo, wapita mtihani vizuri, kisha hawalitumii tena hata siku moja, kwa sababu hawakuelewa lina kazi gani. Twataka kuonyesha katika kurasa hizi kwamba wakati huu una kazi yake, na kwamba kazi hiyo ni ya maana kwetu sisi wa nchi ya madini.

Hapa Kakanda, na vilevile Likasi, Fungurume na Kolwezi, Kiingereza si lugha ya mbali tena. Zambia ni jirani yetu, na huko Kiingereza ndicho lugha ya serikali na ya mashule. Kampani nyingi za madini huandika karatasi zao kwa Kiingereza. Tena, tangu mwaka wa 2022 nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza chatumika sana maofisini. Basi watu hufika kwa padri ama kwa katekista na barua mkononi, wakisema: «Tusomee hii, kisha utuandikie jibu.» Yule anayewaandikia watu hushika ukweli wao katika kalamu yake. Akikosea wakati wa tendo, ukweli ule waweza kugeuka, na mwenye barua hatajua.

I. NGUZO NA KAMBA

Mtu anaposimulia jambo la zamani, mara nyingi ana mambo mawili mkononi, wala si moja. La kwanza ni jambo lililotukia kwa saa yake: kamioni ilifika, ukuta ulianguka, mgeni aliingia. Hilo tuliite nguzo, kwa kuwa limesimama mahali pamoja. La pili ni tendo lililoanza mbele ya jambo lile, likaendelea kwa muda, likafika mpaka hapo. Hilo tuliite kamba, kwa kuwa lina urefu, na ncha yake imefungwa katika nguzo.

Tutwae mfano. Watu walikaa kando ya barabara saa mbili nzima, ndipo kamioni ikafika. Mwingereza atasema:

«The people had been waiting for two hours when the lorry arrived.»

Kufika kwa kamioni ndiko nguzo: «arrived», wakati uliopita wa kawaida. Kungoja kwa watu ndiko kamba: «had been waiting». Na maneno «for two hours» ndiyo kipimo cha kamba. Nguzo, kamba, kipimo: aliyeshika haya matatu ameshika karibu somo lote.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili.

Ya kwanza: pasipo nguzo hakuna kamba. Mtu akituambia tu «I had been studying English», akanyamaza, sisi twangoja bado. Twajiuliza: mpaka wakati gani? Mpaka kulitokea nini? Si lazima nguzo iwe katika sentensi ileile. Yaweza kuwa katika sentensi iliyotangulia. Lakini sharti iwepo mahali fulani, na msomaji aione.

Ya pili: «had» haimaanishi «zamani sana». Hapo wengi hudanganyika. Wafikiri kwamba jambo la jana laandikwa kwa wakati mfupi, na jambo la mababu kwa wakati mrefu. Sivyo. Jambo la miaka 1,000 iliyopita, likiwa peke yake, lasimuliwa kwa wakati wa kawaida: «Our ancestors smelted copper», maana yake wazee wetu waliyeyusha shaba. Na jambo la leo asubuhi laweza kudai «had been» likiwa na nguzo yake: «When you called me at noon, I had been writing since ten.» Uliponiita adhuhuri, nilikuwa nikiandika tangu saa ya kumi ya asubuhi kwa kuhesabu Kizungu. Yote yametukia leo. Hatupimi umbali kati ya jambo na sisi. Twapima kati ya tendo na nguzo.

II. UMBO LAKE

Umbo lina vipande vitatu, na kila kimoja kina kazi yake: «had», kisha «been», kisha neno la tendo lenye mwisho wa «-ing». «Had» yaturudisha nyuma ya nguzo. «-Ing» yaonyesha kwamba tendo liliendelea. «Been» yaunganisha hivyo viwili.

Hapa Kiingereza chatuhurumia. Katika Kiswahili twabadilisha mwanzo wa neno: nilikuwa, ulikuwa, alikuwa. Katika Kifransa twabadilisha mwisho: avais, avait, avions. Lakini «had» haibadiliki kwa mtu yeyote: «I had been waiting, he had been waiting, they had been waiting.» Asiwepo basi wa kuandika «he has been waiting» kwa kufikiri kwamba «has» ni «had» ya nafsi ya tatu. «Has been» ni wakati mwingine, ambao nguzo yake ni sasa hivi: mtu yule angali akingoja, ama ameacha punde tu.

Kukataa, twatia «not» nyuma ya «had»: «They had not been waiting long.» Kuuliza, twatanguliza «had»: «Had they been waiting long?» Katika mazungumzo «had» hufupishwa, ikabaki sauti moja tu ya «d»: «He'd been waiting.» Asikiaye asitege sikio kwa «had», kwa maana hataisikia, atege sikio kwa «been». Katika barua ya kazi, lakini, tuandike maneno mazima.

Tuangalie pia maandishi ya neno la tendo. «Write» yapoteza «e»: «writing». «Dig», kuchimba, yaongeza «g»: «digging». «Lie», kulala, yageuka: «lying».

III. RAFIKI WATATU WANAOTUPOTEZA

Kwa nini wakati huu watushinda sisi zaidi? Wengi husema: kwa kuwa lugha zetu hazina kitu cha namna hii. Sisi twaona sababu nyingine. Lugha tatu tulizo nazo zinalo jambo hili, lakini zote tatu hulisema kwa njia moja, na njia hiyo si ya Kiingereza.

Tuseme kwamba mtu alikuwa na miaka mitatu kazini, hapo aliporudishwa nyumbani. Kwa Kiswahili twasema: «Alikuwa akitumika kazi tangu miaka mitatu.» Kwa Kifransa: «Il travaillait depuis trois ans.» Waliosoma Kilatini watakumbuka kwamba nacho chafanya vilevile, chatwaa imperfectum na kutanguliza «iam»: «Iam tres annos laborabat.» Tazameni: hakuna lugha hata moja kati ya hizi tatu iliyohitaji plusquamperfectum. Zote zimetumia tendo lililokuwa likiendelea, «alikuwa akitumika», «travaillait», «laborabat», zikaacha neno dogo, «tangu», «depuis», «iam», libebe mzigo wa muda.

Mwanafunzi anapofikia Kiingereza, rafiki hawa watatu wamwambia kwa sauti moja: «Andika: he was working since three years.» Naye aandika hivyo kwa moyo mtulivu. Kumbe katika sentensi hiyo mna makosa mawili! Kiingereza hakikubali «was working» ibebe kamba iliyopimwa mpaka kwenye nguzo, wala hakikubali «since» mbele ya hesabu ya miaka. Lazima kusema: «He had been working for three years.»

Hata hivyo rafiki hawa wana faida, tukijua kuwatumia. Kila mara unapotaka kuandika habari ya zamani kwa Kiingereza, jaribu kwanza kuisema kwa Kifransa. Ikiwa ni imparfait pamoja na «depuis», hapo karibu kila mara Kiingereza chadai «had been» na «-ing». Ikiwa ni imparfait bila «depuis», «was» pamoja na «-ing» yaweza kutosha. Kwa Kilatini, «iam» pamoja na imperfectum itakupa alama ileile.

IV. «FOR» NA «SINCE»

«Tangu» yetu ni neno pana. Twasema «tangu mwezi wa tatu», na twasema «tangu miezi mitatu». La kwanza ni mahali pa kuanzia: mwezi wa Machi. La pili ni urefu: miezi 3 yenye kuhesabiwa. Masikio yetu huyapokea kwa neno moja. Na katika «tangu saa tatu» hata sisi wenyewe hatujui mara moja kama ni saa iliyopigwa, ama ni muda wa saa 3.

Mwingereza amegawa «tangu» yetu mara mbili. Mbele ya mahali pa kuanzia atia «since»: «since March, since Monday, since 1960, since the accident». Mbele ya urefu atia «for»: «for three months, for two days, for a long time». Njia ya kupambanua ni hii: uliza swali. Ikiwa jibu ni la swali «kuanzia lini?», andika «since». Ikiwa ni la swali «muda gani?», andika «for».

«She had been teaching since March when the school closed.» Kuanzia lini? Machi.

«She had been teaching for three months when the school closed.» Muda gani? Miezi 3.

V. MAJIRANI WAWILI

Wakati wetu una majirani wawili wanaofanana nao. Tutwae mfano wa mgodi, kwa kuwa huo wajulikana na kila nyumba hapa. Si habari ya mgodi fulani. Ni mfano wa kufundishia. Tuseme wachimbaji walianza kazi kabla ya mapambazuko, wakachimba saa 11 bila kupumzika, ndipo ukuta wa shimo ukaanguka. Wenzao wataka kuandika barua kwa wakubwa wa kampani.

Mmoja aandika: «The men were digging when the wall fell.» Watu walikuwa wakichimba, ndipo ukuta ukaanguka. Hii ni kweli. Yaonyesha kwamba walikuwamo shimoni saa ile. Lakini haisemi kitu juu ya saa 11. Msomaji wa mbali aweza kufikiri kwamba waliingia dakika 10 tu mbele ya ajali.

Wa pili aandika: «The men had dug a deep pit when the wall fell.» Walikuwa wamekwisha chimba shimo refu. Nayo yaweza kuwa kweli. Lakini tendo laonekana kama kazi iliyomalizika. Jicho la msomaji laenda kwa shimo, haliendi kwa watu. Mwenye hila atasema: «Shimo lilichimbwa vibaya, kosa ni lao.»

Wa tatu aandika: «The men had been digging for eleven hours without rest when the wall fell.» Sasa kamba yote yaonekana, toka mwanzo wake mpaka kwenye nguzo. Msomaji auliza mwenyewe: ni nani aliyewaacha watu wachimbe saa 11? Swali hilo ndilo wenzao walilotaka kuliweka mezani, na wakati wa tendo ndio uliolileta.

Tuongeze onyo moja. «Had been digging» yaonyesha urefu uliofika mpaka nguzo ama karibu nayo. Peke yake haisemi kwa hakika kama tendo lilikuwa lingali likiendelea saa ile, ama lilikuwa limekoma punde. Watu waliokuwa wakichimba saa 11 waweza kuwa wametoka nje dakika ile kunywa maji. Kwa hiyo, ikiwa jambo ni zito, kama katika ushahidi, tuandike sentensi mbili: «The men were inside the pit when the wall fell. They had been digging for eleven hours.» Ya kwanza yaweka watu mahali pao; ya pili yapima kazi yao. Uwazi hauhitaji maneno makubwa.

VI. ALAMA ZILIZOBAKI

Mara nyingine nguzo si tukio, bali ni alama iliyoonekana. Twaona mikono ya mtu ina vumbi la kijani, nasi twajua: alikuwa akichagua malakiti. «His hands were green because he had been sorting malachite.» Twaona barabara imejaa tope jekundu: «The road was red with mud, it had been raining.» Tendo lenyewe hatukuliona, twaona alama yake, na Kiingereza chapanda nacho toka alama mpaka tendo.

Katika matumizi haya kipimo si lazima. Hatusemi mvua ilinyesha saa ngapi, tope latosha. Ndipo twaelewa pia tofauti na «had rained». Ukitaka kuhesabu matendo, ama kuonyesha kwamba kazi imekwisha, tumia «had» bila «been»: «He had sorted six bags.» Amekwisha maliza magunia 6. Ukitaka kuonyesha tendo lenyewe katika mwendo wake, na alama liliyoiacha, tumia «had been»: «He had been sorting bags.» Hatujui kama alimaliza, twajua kwamba alishughulika. Kwa hiyo tusiandike «he had been sorting six bags»: hesabu ya kazi iliyomalizika na umbo la kuendelea havikai vizuri pamoja.

VII. MANENO YANAYOKATAA

Yako maneno ya Kiingereza yasiyopenda «-ing», kwa kuwa hayaonyeshi mwendo bali hali: «know», kujua, «believe», kuamini, «own», kumiliki, na «be», kuwa. Maneno haya, hata kamba iwe ndefu namna gani, hubaki na «had» tu.

Katekista aombwa kuandika barua ya kumshuhudia mtu. Asiandike: «I had been knowing him for ten years when he left Kakanda.» Aandike: «I had known him for ten years.» Wala asiandike «he had been being a catechist», aandike «he had been a catechist for ten years». Katika sentensi hii ya mwisho «been» ni neno «kuwa» lenyewe, si daraja la kuvukia kwenda «-ing».

Kuhusu «have», tupambanue. Ikiwa ni kuwa na kitu, kama nyumba ama shamba, yakataa: «They had had the field since 1975.» «Had» mbili zikifuatana si kosa, ya kwanza ni alama ya wakati, ya pili ni tendo. Ikiwa ni kupatwa na jambo, kama shida ama mazungumzo, yakubali: «They had been having trouble for months.»

VIII. MWISHO WA NENO WAWEZA KUMBADILISHA MWENYE KOSA

Tumefika penye hatari kubwa kuliko zote. Kiingereza chatumia «had been» kwa kazi nyingine pia: kuonyesha yule anayetendewa. «He had been beaten»: alikuwa amepigwa. «He had been beating»: alikuwa akipiga. Katika Kiswahili kupiga na kupigwa vyaachana kwa sauti tunayoisikia vizuri. Katika Kiingereza, mtu akisema haraka, «beaten» na «beating» vyakaribiana sana. Lakini mmoja ni mwenye majeraha, na wa pili ni mwenye fimbo.

Hali kadhalika «they had been paid», walikuwa wamelipwa, na «they had been paying», walikuwa wakilipa. Fikirini karatasi ya watu wanaodaiwa kodi ya soko ama mshahara wa mwezi: herufi tatu za mwisho zaamua nani ametoa franka na nani amezipokea.

Kwa hiyo, ukiandika kwa ajili ya mwingine, rudi nyuma ukatazame kila «had been». Uliza: je, mtu huyu alitenda ama alitendewa? Alitenda: «-ing». Alitendewa: «-ed», «beaten», «taken», «paid», na nyingine za namna hiyo. Kisha msomee mwenye barua maneno yako kwa Kiswahili, aseme kama ndivyo ilivyokuwa.

IX. MANENO YA MTU MWINGINE

Wanaoandika habari za mikutano watauhitaji wakati huu kila juma. Mtu asema mbele yetu: «I have been waiting since morning.» Nguzo yake ni sasa. Kesho twaandika aliyoyasema. Sasa yake imekwisha kuwa jana. Basi «have been» yarudi hatua moja nyuma: «He said that he had been waiting since morning.» Nguzo mpya ni «said».

Tukiandika «he said that he has been waiting», msomaji aweza kudhani kwamba mtu yule angali akingoja mlangoni leo.

X. SHABA, URANI NA JINA LA MJI

Tuone sasa faida ya wakati huu katika historia ya nchi yetu.

Mwaka wa 1892 Jules Cornet, Mbelgiji mjuzi wa mawe, alifika Katanga, akachunguza vilima vya shaba. Mwaka wa 1906 Union Minière ikaundwa. Vitabu vingi vyaanza hapo. Lakini katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyofukuliwa tangu 1957, kumepatikana misalaba ya shaba iliyotengenezwa na watu wa huku karne nyingi mbele ya Cornet. Sasa tuandike: «When Cornet came in 1892, people smelted copper.» Msomaji aweza kusikia kwamba Cornet alifika, ndipo watu wakayeyusha shaba, kana kwamba yeye ndiye aliyewafundisha! Tuandike vizuri: «When Cornet came in 1892, people had been smelting copper for centuries.» Kwa maneno mawili madogo wazee wetu wamerudishwa mahali pao, mbele ya mgeni.

Mfano wa pili watoka Shinkolobwe, si mbali na Likasi, ambako urani iligunduliwa mwaka wa 1915. Wakati wa vita ya pili, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma tani zaidi ya 1,000 za mawe yale New York, yakawekwa katika bohari ya Staten Island. Mnamo Septemba 1942 Kenneth Nichols, mkubwa wa jeshi la Marekani, alifika katika ofisi ya Sengier kutafuta urani. «When Nichols came to Sengier's office, the ore had been lying in a warehouse for more than a year.» Maajabu ya habari hii yamo katika kamba: kitu walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kimelala karibu nao muda wote ule. Sema «the ore was in a warehouse», na maajabu yamekwisha.

Mfano wa tatu ni mfupi. Mwaka wa 1966 mji wa Likasi ulirudishiwa jina lake. «When the town became Likasi again, maps had been calling it Jadotville for many years.» Hapa wakati wetu haumsifu mtu wala kumlaumu, wapima tu muda ambao jina moja lilifunika lingine.

XI. ZOEZI

Geuzeni sentensi hizi kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu.

1. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu siku tatu, ndipo daraja likaanguka.
2. Bwana huyo alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa tatu, ndipo wakampeleka hospitali.
3. Walikuwa wamekwisha jenga shule, askofu alipofika.
4. Macho ya mama yalikuwa mekundu, kwa kuwa alikuwa akilia.
5. Mzee alisema: «Ninangoja tangu asubuhi.» (Geuzeni kwa kusimulia maneno yake.)
6. Tulikuwa tukila, ndipo mgeni akabisha hodi.

Majibu ndiyo haya:

1. «It had been raining for three days when the bridge fell.» Siku 3 ni urefu: «for».
2. «He had been ill since March when they took him to hospital.» Kuwa mgonjwa ni hali: hakuna «-ing».
3. «They had built the school when the bishop arrived.» Kazi imekwisha: hakuna «been».
4. «Her eyes were red because she had been crying.» Nguzo ni alama.
5. «The old man said that he had been waiting since morning.»
6. «We were eating when a visitor knocked.» Hatukupima kamba, twaonyesha tu tulilokuwa tukilitenda mgeni alipofika. Hapa «had been» ingemfanya msomaji afikiri kwamba chakula kilikuwa kimekwisha, na mgeni amekosa sehemu yake.

Yule aliyekosea ya sita asihuzunike. Aliyekwisha kuujua wakati mpya hutaka kuutia kila mahali, kama mpishi aliyepata chumvi baada ya siku nyingi. Basi kila jioni juma hili tuandike sentensi tatu juu ya mambo ya siku: moja ya nguzo peke yake, moja ya «was» na «-ing», na moja yenye kamba iliyopimwa mpaka kwenye nguzo. Kisha mwenzetu atusahihishe, akituuliza kila mara: muda gani, mpaka wakati gani, na nani aliyetenda?